Murwaza wa Ukoo Mzima

Jumatatu, 3 Machi

Nesi wa kituo cha afya amesema ninunue daftari na niandike kila siku: damu imetoka au haikutoka, maumivu yako wapi, nimefanya kazi gani. Siku ya kumwona daktari nimpe asome, maana mimi nikiulizwa hujibu “si mbaya sana”, na ugonjwa wa “si mbaya sana”, anasema, hauna dawa. Basi daftari ndilo hili. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichojifunzia kuandika, kule Bukavu, Kongo, kabla hatujarudi Rwanda.

Jina langu Speciose. Miaka arobaini na saba. Sina mume wala mtoto. Naishi Muganza, chumba na sebule katika ua wa mdogo wangu Théoneste, anayefanya kazi ya zamu kwenye machimbo ya mawe ya saruji. Nina kipande changu cha mpunga bondeni. Damu: siku ya tisa. Maumivu: chini ya kitovu na kiunoni. Kazi: kung'oa miche kitaluni.

4 Machi

Damu. Kupandikiza miche tangu asubuhi.

6 Machi

Damu imekatika. Mvua imenyesha mchana kutwa.

8 Machi

Nimemaliza mstari wa mwisho. Nilikaa kwenye tuta la mfereji nikashindwa kuinuka, nikajifanya naosha miguu ili Béatrice, jirani yangu wa shamba, asiniulize kitu. Miguu ilitakata sana leo.

Jumatano, 12 Machi

Shangazi Nyirahabimana amelazwa. Presha. Simu ilimfikia Théoneste saa nne, na saa nne na robo alikuwa mlangoni kwangu. Hakuuliza kama nitakwenda. Aliuliza nitapanda gari la saa ngapi.

Nieleze, daktari asije akawa si mtu wa huku. Hospitalini mgonjwa haingii wodini peke yake. Lazima awe na murwaza: mtu wake wa kumwosha, kumpikia kule jikoni nyuma, kukimbilia dawa, kumgeuza, na kulala kwenye mkeka kando ya kitanda. Nesi anatibu, murwaza anauguza. Ukoo wetu una watu wengi wa kuugua na murwaza mmoja. Leo ndani ya gari nimewahesabu niliowauguza tangu turudi nchini: kumi na saba. Joselyne, mke wa Théoneste, nimemuuguza kwenye uzazi mara zote tatu. Théoneste mwenyewe, jiwe lilipomvunja mguu. Mlinzi wa lango la hospitali ananiamkia kwa jina.

Vidonge vyangu vya kuongeza damu nimevisahau mezani.

14 Machi

Shangazi hataki uji uliokorogwa na mtu mwingine. Aliwaambia wanawake wa vitanda jirani: “Huyu Speciose iko na mikono. Mungu alimunyima batoto juu atuchunge shiye bote.” Yaani sikupewa watoto ili niwachunge wao wote. Walicheka vizuri, bila ubaya, na mimi nikacheka. Niseme kweli: sifa hiyo naipenda. Sina nyingine.

17 Machi

Damu. Nimefua shuka mbili, ya shangazi na yangu, nikazianika pamoja ili isijulikane ipi ni ya nani.

18 Machi

Mama wa kitanda cha tatu ametapika usiku kucha, binti yake hajui kushika beseni. Nimeshika mimi.

21 Machi

Tumeruhusiwa. Magugu yamefika magotini. Presha ya shangazi ni nzuri kuliko yangu.

Jumatano, 2 Aprili

Daktari ni binti mdogo, amesomea Bukavu, na Kiswahili anakisoma. Alifungua daftari, akapindua ukurasa, akapindua mwingine. Akaniuliza huyu mwenye presha ni nani. Nikasema shangazi. Na huyu aliyetapika? Nikasema mama wa kitanda jirani. Akalifunga, akaniuliza mwezi wa tatu nilitoka damu siku ngapi. Sikujua. Niliona aibu kama mtoto ambaye hakufanya kazi ya shule. Kurasa zote hizo, na mgonjwa anayetafutwa hayumo.

Alinipima kwa mashine. Kuna uvimbe kwenye kizazi, mkubwa, na huo ndio unaokunywa damu yangu. Nitapasuliwa tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo nile vizuri, nipumzike, nisikose vidonge, maana damu ikishuka zaidi hawataweza kunipasua, na uvimbe hautangoja. Mwishoni akasema nije na murwaza wangu. Nilicheka. Yeye hakucheka, akaandika tarehe kwenye kadi.

3 Aprili

Damu. Palizi.

4 Aprili

Damu. Palizi. Kupumzika sijui kunaanzaje.

7 Aprili

Wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Kazi inasimama, tunakaa mkutanoni hadi jioni. Hakuna mwenye hamu ya maneno. Damu.

13 Aprili, Jumapili ya Matawi

Baada ya misa nilimwomba Joselyne awe murwaza wangu. Nilikuwa nimejifunza maneno tangu Alhamisi, na bado niliyasema nikitazama kinu. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, hakuacha. “Tutaona, yaya,” alisema. Wote wawili huniita yaya, maana mimi ndiye mkubwa. Joselyne si mtu mbaya. Ana watoto watatu na meza yake sokoni. Lakini mimi kila nilipoitwa sikusema tutaona, na leo mchana kutwa sijaacha kufikiri hilo.

20 Aprili, Pasaka

Nimewapikia watu kumi na wawili. Damu.

24 Aprili

Nimemkumbusha Joselyne. Tutaona.

Jumatatu, 28 Aprili

Mama yake Joselyne, maman Antoinette, ameshikwa na malaria kali, amelazwa tangu jana. Théoneste alikuja saa kumi na mbili asubuhi akitoka zamu, vumbi jeupe hadi kwenye kope. Aliketi, jambo ambalo hafanyi.

“Yaya, yako inaweza kungoja. Uvimbe haitembei.”

Nikamwambia tarehe ni keshokutwa.

“Utaomba tarehe ingine. Ule maman yeye hawezi kuomba ingine.”

Nikasema sawa. Lilitoka kabla sijalifikiria, mdomo wangu umezoea. Alinishukuru, akaenda kulala. Nilipiga simu hospitali, wakanitafutia nafasi: 11 Juni. Yule aliyepokea akauliza sababu. Nikasema kuna mgonjwa nyumbani. Akasema pole sana.

Jumatano, 30 Aprili

Leo ilikuwa siku yangu. Nimeitumia kumchemshia maman Antoinette viazi. Hakuvila.

Ijumaa, 2 Mei

Nimeanguka. Nilikuwa kwenye mstari wa maji, ndoo ikiwa imejaa, nikaona weupe, kisha sikuona kitu. Nilipofungua macho nilikuwa juu ya godoro la maman Antoinette, na maman Antoinette, na malaria yake, amesimama juu yangu akinipepea kwa kadi yake ya matibabu. Wodi nzima ilikuwa inatazama. Alikuwa amewasukuma wanawake wawili ili nilazwe mahali pake.

Habari ilifika Muganza haraka. Saa nane Théoneste alipiga simu. Aliuliza kama maman alikuwa amekula. Nikamwambia nimeanguka. Akasema ndiyo, wamemwambia, pole, na sasa nani anamwangalia maman?

Sikumjibu vibaya. Nilisema yuko salama. Lakini nilikata simu kabla yake. Nilikasirika. Nina miaka arobaini na saba na leo ndiyo mara ya kwanza nimeandika neno hilo juu ya mdogo wangu.

6 Mei

Maman Antoinette aliruhusiwa juzi. Getini alinishika mkono, akasema nijichunge, na binti yake asijue kwamba amesema hivyo. Nimelala siku mbili.

12 Mei

Mpunga umechanua. Vidonge: nimemeza. Naanza kuandika hilo pia.

Jumatatu, 19 Mei

Punje zina maziwa na ndege wamefika. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi jua linapozama nasimama kwenye tuta na kopo na fimbo. Wanatua mia, napiga, wanaruka, wanatua kwa Béatrice, Béatrice anapiga, wanarudi kwangu. Mtu ana muda mwingi wa kufikiri. Nilijaribu kusema “hapana” kwa sauti, kama somo. Kwa ndege inatoka vizuri, hadi Béatrice akauliza nagombana na nani.

Jioni Joselyne akaja kuniomba nibaki na watoto kesho aende mjini Kamembe. Nikasema ndiyo. Kesho ndege watakula.

21 Mei

Wamekula. Kona nzima ya juu ni makapi.

27 Mei

Jana Munyemana, anayeishi nyuma ya kanisa, alikuja hadi shambani. Mkewe atajifungua kwa upasuaji, wanatafuta murwaza, na kila mtu amemwambia ni Speciose. Nilifungua mdomo. Nikasema: tutaona. Sijui lilitoka wapi, ni neno la Joselyne kabisa. Munyemana akaelewa, akaaga. Nilimngoja anikasirikie. Alikwenda kwa shemeji yake, na shemeji akakubali siku hiyohiyo. Nimekaa na jambo hili tangu jana. Miaka yote nilidhani nisipokwenda, mgonjwa atakufa.

1 Juni

Damu, siku ya nne. Béatrice atanivunia nikiwa hospitali, nusu yake na nusu yangu. Nimekubali haraka asije akabadili mawazo.

5 Juni

Joselyne anasema juu ya tarehe 11 ataona. Sijamuuliza tena.

Jumapili, 8 Juni

Niliporudi kutoka shambani Théoneste alikuwa mlangoni kwangu na kikapu changu. Ndani kulikuwa na sufuria yangu, thermosi, kitenge cha kubadili, na mkeka umekunjwa juu. Joselyne alikuwa ameingia chumbani mwangu akapanga kila kitu, vizuri kabisa, anajua ninachobeba.

“Shangazi amerudia hospitali,” Théoneste alisema. “Presha tena. Gari iko barabarani inakungoja.”

Nikasema tarehe yangu ni Jumatano.

“Ni vile muzuri. Utamuchunga hadi Jumatano, kisha munganga atakuona palepale. Si hospitali ni moja?”

Niandike ukweli: nilikaribia kukubali. Ilionekana mpango wa akili. Nilikuwa nimeshashika mkono wa kikapu. Ndipo nikauliza kuanzia Jumatano nani atamchunga shangazi, na nani atanichunga mimi. Alitazama barabarani.

“Tutaona,” alisema.

Nikaachia kikapu. “Hapana, Théo. Siendi.”

Alidhani sikuelewa, akaeleza tena, polepole: shangazi, presha, gari. Nikasema tena siendi. Joselyne alitoka jikoni akasimama na mwiko mkononi. Watoto wakaacha mpira.

“Shangazi ndiye alituleaka, yaya. Umesahau?”

“Sikusahau. Alitulea sisi wawili. Na wewe uko na mikono.”

“Mi ni mwanaume. Nitamuosha je?”

“Na maji ya vuguvugu. Anza na uso.”

Akachukua kikapu, akaenda nacho kwenye gari. Atakosa zamu nne, Joselyne alisema, kwa sauti ya kutaka nisikie, akarudi jikoni.

Nimefunga mlango. Nilidhani mtu akisema neno hili anajisikia mwepesi. Mimi najisikia mwizi. Nimelia, si kidogo. Shangazi ndiye aliyenifunga kitenge cha kwanza, ndiye aliyevuka nasi mpaka wa Kongo akimbeba Théoneste mgongoni. Nikiendelea hivi nitalifuata lile gari kwa miguu. Vidonge: nimemeza.

9 Juni

Joselyne hakunisalimia. Ndege.

10 Juni

Joselyne hakunisalimia. Nimefua nguo zangu mwenyewe za kupeleka, nikanunua sabuni. Sina wa kunisindikiza. Hofu ipo, kubwa kuliko uvimbe.

Jumatano, 11 Juni

Nimepewa kitanda. Naandika nimekaa juu yake, na miguu inaning'inia, maana bado sijaizoea hali hii.

Getini mlinzi aliniamkia kwa jina, akaniambia shangazi yuko wodi ileile, na akanielekeza uani. Miguu yangu haikwenda kwenye dirisha la kuandikisha. Ilikwenda jikoni kule nyuma, kwenye benchi la barwaza, wauguzaji wenzangu, na mimi nikaifuata. Nikakaa. Msichana mmoja akaniuliza wapi wanachota maji ya moto, nikamwonyesha, nikambebea ndoo. Mama yake alikuwa anatapika, nikashika beseni. Saa ilipita namna hiyo. Sikuwa nimesahau kilichonileta. Nilikuwa nimeketi mahali pangu tu, na mahali pangu pakanipa kazi.

Kumbe walikuwa wameniita mara mbili. Msichana wa beseni ndiye aliyesikia, akauliza huyu Speciose anayeitwa ni nani.

Nilikimbia. Dirishani alikuwa nesi ninayemjua miaka mingi. Aliona sketi yangu, akasema bila kuinua kichwa: “Na mugonjwa wako iko wapi, maman?”

Niligeuka nyuma nikamtafuta. Kweli niligeuka. Hakukuwa na mtu.

“Mgonjwa ni mimi,” nikasema.

Aliinua kichwa. Alinitazama uso, kucha, ndani ya jicho. Akasema kwa sauti ya chini kwamba amenipita uani mara nyingi, na hakuona. Nikasema hata mimi. Akaanza kujaza fomu, akafika mahali panapoandikwa jina la murwaza, akangoja. Nikasema sina. Akaweka kalamu chini. Bila murwaza hawanilazi, nisipolazwa hawanipasui, hilo nalijua kuliko yeye.

Wakati huohuo Théoneste akatokea uani na sufuria, masizi hadi kwenye shingo ya shati. Ndevu zimeota. Aliponiona uso wake ulifunguka kama mtu aliyeokolewa. Alikuja mbio akasema shangazi amekataa uji tena, una madonge, nije dakika moja tu nimwonyeshe.

Nikamwambia nesi: “Andika Théoneste. Ni mdogo wangu, huyu hapa.”

Sikumuuliza. Mimi pia sijawahi kuulizwa.

“Yaya, mi siwezi bagonjwa babili.”

“Mi nilikuwaka na babili. Wewe na muguu wako chini, Joselyne na mutoto juu. Nilikuwa napanda ngazi na sufuria mbili.”

Nilimwona akiukumbuka mwaka ule, na nadhani aliukumbuka kwa mara ya kwanza kutoka upande wangu. Nesi alikuwa anangoja na watu walikuwa nyuma yetu. Théoneste aliweka sufuria sakafuni, akajifuta mkono kwenye suruali, akatoa kitambulisho.

Jumapili, 15 Juni

Nimepasuliwa Alhamisi. Mwandiko huu mbaya ni wa kulala chali. Daktari alinionyesha kwa ngumi mbili ukubwa wa kitu walichokitoa. Nimeongezewa damu ya mtu nisiyemjua.

Théoneste ananiosha uso akitazama dirishani kwa haya. Uji wake una madonge kweli. Jana alikaa chini kwenye mkeka, akanyoosha mgongo, akaniuliza nimewauguza hivi watu wangapi. Nikasema kumi na nane, nikihesabu maman Antoinette. Akauliza tena: “Juu ya nini hukusemaka?” Ningeweza kumwambia hakuuliza, na ingekuwa kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilipenda kusifiwa mikono. Nilimwambia nusu zote mbili.

Joselyne alikuja jana na sombe. Alimwosha shangazi, kisha akachukua nguo zangu zenye damu akaenda kuzifua bila kunitazama. Aliporudi akasema shangazi anasikitika, anasema Speciose amekuwa mtu mwingine, moyo umekuwa mgumu. Sikukana. Linauma kuliko mshono, na huenda litauma baada ya mshono kupona.

Béatrice ametuma habari: kona ya juu ni makapi tu, chini ni vizuri. Wanaanza kuvuna Jumanne.

Sasa ni saa tisa mchana. Wodi ya shangazi iko upande wa pili wa ukuta, na madirisha yako wazi kwa joto. Théoneste amekwenda kuchota maji. Shangazi anaita. “Speciose.” Si sauti ya hatari, ile naijua. Hii ni ya mto ulioteleza, au anataka kugeuzwa, au anataka tu kuona kama nitakuja. “Speciose.” Wanawake wa wodi hii wananitazama. Mguu mmoja umeshatoka kitandani unatafuta kandambili, bila kuniuliza. Mshono umevuta. Nimeurudisha mguu juu, nikaufunika shuka.

Ameita mara ya tatu. Nimelala, nasikiliza, machozi yanaingia sikioni na siyafuti.

Kisha nimemsikia akiita, “Théoneste.”